Ngoma Ivumayo Haidumu? Mgawanyiko wa Simba Wanyika na Mjadala wa Mashabiki kuhusu Ubora wa Bendi

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa ngoma ivumayo haidumu. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayelewa sifa. Hata hivyo, wapenzi wa muziki wa dansi katika Afrika Mashariki wameishuhudia mara nyingi katika maana yake ya wazi kabisa. Bendi huvuma, kumbi zikafurika, nyimbo zikaimbwa na wakubwa kwa wadogo. Kisha siku moja habari zikaenea kwamba wanamuziki kadhaa wameondoka na kuunda bendi nyingine. Papo hapo mashabiki hugawanyika. Wapo wanaoapa kwamba bendi imekufa na kilichobaki ni jina tu. Wapo wanaoshikilia kwamba walioondoka ni matawi na shina lingalipo. Mabishano ya namna hii huweza kuendelea kwa miongo kadhaa, hata baada ya wanamuziki wenyewe kuiaga dunia.

Wengi huyachukulia mabishano hayo kuwa porojo za kupitishia wakati. Makala haya yanadai kinyume. Yanadhamiria kuonyesha kwamba shabiki anayebishana kuhusu bendi iliyobadilisha wanamuziki anafanya kazi ya uhakiki, tena uhakiki wa swali gumu: sanaa inapoundwa na watu wengi kwa pamoja, ubora wake umo wapi? Umo katika sauti ya mwimbaji, katika mikono ya wapiga ala, katika jina, au kwingineko?

Mfano mkuu utakaojadiliwa ni mgawanyiko wa bendi ya Simba Wanyika uliotokea jijini Nairobi mwaka wa 1978. Mfano wa kulinganishia ni ule wa Mlimani Park Orchestra ya Dar es Salaam, mwaka wa 1985. Mifano hii miwili imeteuliwa kwa kuwa inakinzana. Katika mfano wa Nairobi, walioondoka walikuwa wapigaji wa ala zinazobeba mwendo wa wimbo, ilhali sauti zilizoitambulisha bendi zilibaki. Katika mfano wa Dar es Salaam, aliyeondoka alikuwa mwimbaji kiongozi pamoja na baadhi ya wenzake, ilhali mpangaji wa ala alibaki. Ni nadra kwa mhakiki kupata jozi ya mifano inayomwezesha kuipima hoja moja kutoka pande zote mbili.

Kuzaliwa na Kugawanyika kwa Simba Wanyika

Chimbuko la Simba Wanyika ni mji wa Tanga nchini Tanzania, mji ambao katika miaka ya 1960 ulisifika kwa bendi za dansi kama vile Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ndugu wawili, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, walijiunga na Jamhuri Jazz mwaka wa 1966. Mwaka wa 1970 walihamia Arusha, ambako wao na ndugu yao wa tatu, William, waliunda bendi ya Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walivuka mpaka, wakaingia Nairobi na kuunda Simba Wanyika. Nairobi ya wakati huo ilikuwa na kampuni za kurekodi muziki na mitambo ya kufyatulia santuri, mambo ambayo yaliwavutia wanamuziki wengi kutoka Tanzania na kutoka Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule.

Mtindo wa bendi hii ulijengwa juu ya mambo machache yaliyopatana vizuri. Kulikuwa na sauti za akina Kinyonga, zilizoimba kwa Kiswahili fasaha na kwa upole. Kulikuwa na gitaa la solo lililojibizana na waimbaji. Chini ya hayo kulikuwa na gitaa la rithim lililorudia kipande kifupi bila kuchoka, besi iliyotua hapa na kuinuka pale, na dramu iliyoshika mwendo. Kwa kawaida wimbo ulianza taratibu na kusimulia kisa. Kisha ukaingia sehemu ya pili ambapo maneno yalipungua na ala zikatawala. Hii ya pili, ambayo wanamuziki wa Tanzania huiita chemko, ndiyo waliyoisubiri wachezaji dansi.

Mwaka wa 1978 bendi iligawanyika. Miongoni mwa walioondoka walikuwamo Omar Shabani, mpiga gitaa la rithim aliyejulikana kwa lakabu ya Profesa. Tom Malanga, mpiga besi. Na Rashid Juma, mpiga dramu. Hawa waliungana na Watanzania wenzao, John Ngereza, aliyekuwa mwimbaji na mpiga gitaa, na Phoney Mkwanyule, mpiga gitaa la solo, wakaunda Les Wanyika. Mwimbaji Issa Juma naye alishiriki katika siku za mwanzo za bendi hiyo mpya. Muda si mrefu baada ya kuundwa, Les Wanyika ilitoa wimbo wa Sina Makosa, ambamo nafsineni anajitetea mbele ya mwanamume mwenzake mwenye hasira za wivu juu ya mwanamke ambaye si wa yeyote kati yao. Hadi leo wimbo huo husikika redioni na katika sherehe, na wapo vijana wanaoujua kwa moyo ilhali walizaliwa miaka mingi baada ya kurekodiwa kwake.

Mgawanyiko haukuishia hapo. Mapema katika miaka ya 1980 Issa Juma alikuwa ameshajitenga na kuongoza Super Wanyika, kundi lililokuja kuvuma kwa wimbo wa Sigalame. Kwa hiyo, katika kipindi cha miaka michache tu, mkazi wa Nairobi aliweza kuzisikia bendi tatu, zote zikijiita za Wanyika, zote zikiimba Kiswahili, na zote zikiwa na madai ya udugu. Katika hali hiyo mjadala haungeweza kuepukika.

Hoja za Mashabiki

Ukiyasikiliza mabishano ya wapenzi wa bendi hizi, hoja zao zinaweza kuwekwa katika makundi matatu makuu.

Kundi la kwanza ni la wanaoshikilia sauti. Kwao, bendi ni mwimbaji. Akina Kinyonga walibaki, kwa hiyo Simba Wanyika ilibaki nzima, na walioondoka walikuwa wafanyakazi wanaoweza kupatikana popote. Hoja hii ina mashiko. Wimbo wa Kiswahili ni tukio la lugha kabla ya kuwa tukio jingine lolote. Msikilizaji hukutana na nafsineni kupitia sauti mahususi, na sauti hiyo ikibadilika, nafsineni naye huonekana kubadilika. Hata hivyo, hoja hii ina udhaifu unaojitokeza mara tu mtu anapozisikiliza rekodi. Lau sauti ingekuwa kila kitu, Les Wanyika isingefanana na Simba Wanyika hata kidogo, maana waimbaji walikuwa wengine. Kinyume chake, wasikilizaji wengi huzichanganya nyimbo za bendi hizi mbili. Kuna kitu kilichohama ambacho si sauti.

Kundi la pili ni la wanaoshikilia mkono, yaani mikono ya wapiga ala. Hawa husema kwamba Simba Wanyika ilihama ndani ya gitaa la Omar Shabani. Ili kuielewa hoja yao, ni vyema kueleza kazi ya gitaa la rithim. Solo huchomoza, humsimamisha msikilizaji na kumwambia "nisikilize." Rithim haichomozi. Hurudia kipande chake kifupi tangu mwanzo hadi mwisho, na kazi yake ni kuwawezesha wengine kutembea. Mwanafunzi wa ushairi anaweza kuilinganisha na mizani. Hakuna msomaji anayelisifu shairi kwa kuwa tu kila mshororo una mizani kumi na sita, lakini mizani ikipungua hata mmoja, sikio hugutuka. Katika nyimbo za Les Wanyika, rithim ya Omar na besi ya Malanga husikika waziwazi kwa sababu ala zenyewe ni chache na kila moja imeachiwa nafasi. Besi hunyamaza kwa makusudi, na katika kimya hicho rithim hupata kusema. Mchezaji dansi, ambaye husikiliza kwa miguu, hakuhitaji kuelezwa ni nani aliyeondoka.

Hoja hii pia ina kikomo. Simba Wanyika haikufa mwaka wa 1978. Iliziba mapengo, ikaendelea kurekodi katika miaka ya 1980, ikatoa kazi zilizopendwa kama vile Shilingi Yaua Tena Maua, ikafika hadi Ulaya, na mwaka wa 1992 ikatoa albamu ya Pepea. Kama uhai wote wa bendi ungekuwa katika mikono ya watu watatu, miaka hiyo yote isingeelezeka.

Kundi la tatu ni la wanaoshikilia asili. Hawa hawapimi sauti wala gitaa, hupima utangulizi. Kilichotangulia ndicho halisi, na kilichofuata ni kivuli. Hoja hii hupendwa sana kwa kuwa haihitaji kusikiliza kwa makini. Lakini historia yenyewe inaikana. Simba Wanyika ilizaliwa kutokana na watu walioiacha Jamhuri Jazz, wakaunda Arusha Jazz, kisha wakaiacha Arusha. Kama kuondoka ni uasi, basi mwasisi naye alikuwa mwasi kabla ya kuasiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa bendi nyingine zilizosifika jijini Nairobi. Les Mangelepa, kwa mfano, iliundwa mwaka wa 1976 na wanamuziki waliotoka katika bendi ya Baba Gaston. Katika muziki wa dansi, kuhama si ajali inayoikumba historia, bali ni njia mojawapo ambayo historia yenyewe hupitia.

Je, makundi haya matatu yanatufikisha wapi? Kila moja limeshika kiungo kimoja na kukiita mwili. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ubora wa Simba Wanyika ya kabla ya 1978 haukuwa katika sauti peke yake wala katika rithim peke yake, bali katika namna hivyo viwili vilivyosubiriana. Uhusiano huo ulipovunjika, hakikupatikana kifo kimoja, bali zilipatikana bendi mbili tofauti: moja iliyolazimika kutafuta mwendo mpya wa kubebea sauti zake za zamani, na nyingine iliyolazimika kutafuta sauti mpya za kubebwa na mwendo wake wa zamani. Mtu anapouliza ipi ilikuwa bora, sharti kwanza aseme bora kwa lipi.

Jina Ni la Nani?

Mjadala wa mashabiki hauhusu sauti na ala pekee. Unahusu pia jina. Hapa mwanafunzi wa isimu ana jambo la kumvutia.

Simba Wanyika ni Simba wa Nyika. Katika kirai hicho, wa ni kiunganishi cha a-unganifu kinachokubaliana na nomino simba, na nyika ni mbuga. Jina lilipoandikwa kwa kuunganisha wa na nyika, lilifungua mlango wa kusomwa upya. Wanyika sasa linaweza kuchukuliwa kuwa nomino kamili ya ngeli ya A-WA katika wingi, yaani watu wa nyika, kama vile Wanyika ambao pwani waliitwa hivyo zamani kabla ya jina la Mijikenda kuenea. Walioondoka walilitumia vyema pengo hilo. Walimwacha simba, wakawachukua wanyika. Kisha mbele yake wakaweka les, kibainishi cha wingi cha Kifaransa, kilichokuwa na haiba kubwa jijini Nairobi kwa sababu ya umaarufu wa bendi za Kizaire. Kwa hiyo, jina la Les Wanyika lina viashiria viwili vya wingi, kimoja cha Kifaransa na kimoja cha Kibantu, na kifungu kilichokuwa sifa ya mnyama kimegeuka kuwa kundi la watu. Issa Juma alipounda Super Wanyika, tayari Wanyika lilikuwa limekuwa kama jina la ukoo ambalo kila mtoto alistahili kulirithi.

Hili si suala la maneno matupu. Jina la bendi ni mali. Mwenye ukumbi hualika jina, mtangazaji hutangaza jina, na mnunuzi wa santuri huangalia jina. Wanamuziki wengi wa dansi waliishi kwa fedha za kiingilio cha mlangoni na kwa malipo madogo ya kurekodi. Shabiki anapotangaza kwamba bendi fulani imekufa, hatoi maoni ya kisanaa tu. Anapunguza pia idadi ya watakaosimama mlangoni Jumamosi ijayo. Kwa upande wa waliobaki, mjadala wa ubora ulikuwa mjadala wa karo, kodi ya nyumba na nauli. Kwa upande wa walioondoka, kulibeba jina la Wanyika kulikuwa kubeba ushahidi kwamba hata wao walishiriki kuijenga sifa waliyokuwa wakiiacha.

Mfano wa Dar es Salaam: Sikinde na Ndekule

Mwaka ule ule wa 1978, Simba Wanyika ilipogawanyika Nairobi, bendi nyingine ilizaliwa Dar es Salaam. Hiyo ni Mlimani Park Orchestra, iliyojulikana kwa mtindo wake wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. Kiongozi wa waimbaji wake alikuwa Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa amejijengea jina katika bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, ambayo baadaye iliitwa Juwata, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Bendi mpya ilimilikiwa na shirika la umma la usafiri, na mwaka wa 1983 ikawa mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC.

Mwaka wa 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa Orchestra Safari Sound, aliwavutia wanamuziki kadhaa muhimu wa Mlimani Park, wakiwamo Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar, na kuunda kikosi kipya kilichopiga kwa mtindo wa Ndekule. Mashabiki wa Sikinde walipata pigo. Walioamini kwamba bendi ni mwimbaji walikuwa na kila sababu ya kuandaa matanga.

Matanga hayakufanyika. Mlimani Park iliajiri wengine na kuendelea, na jina la Sikinde limedumu hadi karne hii, ilhali Ndekule haikudumu kama ilivyotarajiwa. Sababu mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni ya kisanaa. Michael Enoch, mwanamuziki mkongwe aliyewahi kuiongoza Dar es Salaam Jazz na aliyejulikana kwa lakabu ya Ticha, alikuwa mpangaji wa ala wa Mlimani Park, na alibaki. Namna pembe zilivyoingiliana na magitaa, namna wimbo ulivyovuka kutoka kisa hadi chemko, yote hayo yalibaki na mwalimu wake. Mwimbaji mpya aliyeingia alikuta njia imekwisha kufyekwa.

Sababu ya pili ni ya umiliki. Katika Dar es Salaam ya wakati huo, ala na jina vilikuwa mali ya shirika, na wanamuziki walikuwa waajiriwa wenye mshahara. Mwanamuziki alipoondoka, aliondoka na sauti yake tu. Gurumo hakuweza kulibeba jina la Sikinde kama Omar Shabani na wenzake walivyolibeba jina la Wanyika. Ilibidi kuanzishwe mtindo mwingine na kuuzoesha masikioni mwa watu. Tofauti hii inaeleza kwa nini mashabiki wa Nairobi walibishana kuhusu nani ni Wanyika halisi, ilhali wale wa Dar es Salaam walibishana kuhusu kama Sikinde imeshuka au haijashuka. Swali la kwanza ni la utambulisho. La pili ni la kiwango.

Kuna kejeli hapa ambayo haikuwa geni kwa wasikilizaji makini. Mashabiki wa Sikinde walioumizwa na kuhama kwa Gurumo walisahau kwamba Sikinde yenyewe ilipata sifa kwa kuwa Gurumo alihama kutoka Juwata. Huko nako kulikuwa na watu waliolia. Aidha, wanamuziki hawakuiona mipaka kama mashabiki walivyoiona. Hassan Rehani Bitchuka, mwenye sauti isiyosahaulika, alizitumikia bendi hizi hasimu kwa nyakati tofauti, naye Gurumo alirejea katika bendi yake ya zamani na kuitumikia hadi alipostaafu mwaka wa 2013, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Mashabiki ndio waliobaki pale pale, kila mmoja na kambi yake, kama ilivyo kwa watani wa jadi katika kandanda.

Santuri na Kumbukumbu

Kwa nini basi ni vigumu kwa bendi iliyobadilika kumridhisha shabiki wa zamani? Sehemu ya jibu imo katika chombo kilichohifadhi muziki wenyewe.

Katika fasihi simulizi, fanani hubadilisha kazi yake kila anapoitenda, na hadhira haitarajii kusikia neno kwa neno kile ilichokisikia jana. Ngoma ikichanika ngozi, huwambwa upya na kuitwa ngoma ile ile. Santuri ilivuruga mazoea hayo. Ilichukua utendaji wa siku moja, pengine wa alasiri moja studioni, ikaugandisha na kuufanya kuwa matini sanifu. Kuanzia hapo, kila utendaji uliofuata ulipimwa dhidi ya alasiri ile. Bendi ilipopanda jukwaani ikiwa na mpiga rithim mwingine, haikushindana na bendi nyingine. Ilishindana na sauti yake yenyewe iliyokwisha kukaririwa na maelfu ya watu. Katika mashindano ya namna hiyo, aliye hai huanza akiwa nyuma.

Santuri ndogo ilileta pia jambo jingine. Upande wake mmoja ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu wa dansi uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, sehemu ya pili upande wa pili. Aghalabu upande wa kwanza ndio uliobeba kisa na maneno, na upande wa pili ukabeba ala. Yumkini mgawanyiko wa mashabiki kati ya kambi ya sauti na kambi ya mkono unalingana na pande hizo mbili. Shabiki aliyekaa sebuleni akifuatilia kisa aliupenda upande wa kwanza. Mwenye ukumbi, ambaye alitaka watu wasimame na kucheza, aliigeuza santuri upesi. Watu wawili wangeweza kuumiliki wimbo mmoja na wasiwe wamesikiliza kitu kimoja.

Pamoja na hayo, kumbukumbu huongeza chumvi. Nyimbo zinazoitwa zilizopendwa hazikumbukwi peke yake; hukumbukwa pamoja na ujana wa msikilizaji. Anayesema kwamba bendi ilishuka baada ya fulani kuondoka huenda anasema kweli kuhusu bendi, na huenda pia anaomboleza jambo jingine ambalo hakuna mpiga gitaa awezaye kulirudisha. Mhakiki hana budi kuitenganisha hukumu ya sikio na huzuni ya moyo, bila kuidharau yoyote kati yake.

Funzo kwa Mhakiki wa Nyimbo

Mjadala huu una funzo la moja kwa moja kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Uhakiki mwingi wa nyimbo katika vyuo vyetu husikiliza upande wa kwanza wa santuri tu. Maneno hunukuliwa, dhamira hubainishwa, tashbihi na takriri huorodheshwa, kisha kazi huhitimishwa. Ala, mpangilio na watendaji huachwa nje, kana kwamba wimbo ni shairi lililopotea njia likaingia studioni. Matokeo yake ni kwamba shabiki asiye na shahada anaweza kueleza kwa nini Sina Makosa iliteka masikio ya watu, ilhali mtahiniwa wa uzamili anaeleza tu kwamba wimbo huo unahusu wivu. Nyimbo zinazohusu wivu ni nyingi mno.

Aidha, kuna suala la kumtaja mtunzi. Wahakiki wa ushairi wamefanya kazi kubwa kubaini ni tungo zipi hasa zilizotungwa na Muyaka bin Haji, kwa kuwa tungo zake zilihifadhiwa katika kumbukumbu za watu kabla ya kukusanywa na kuchapishwa. Uangalifu huo hauonekani katika uhakiki wa nyimbo. Si ajabu kukuta wimbo wa Simba Wanyika umetajwa kuwa wa Les Wanyika, au jina la bendi likatumiwa kana kwamba ni jina la mtu mmoja aliyetunga kila kitu kwa miaka ishirini. Mtafiti angepaswa kuandika, kadiri inavyowezekana, ni nani aliyeimba, ni nani aliyepiga ala gani, rekodi ilifanywa wapi na mwaka gani. Katika fasihi simulizi mtafiti hufundishwa kumtambulisha fanani wake kwa ukamilifu. Mpiga besi naye ni fanani.

Jambo hili lina uharaka. George Kinyonga alifariki mwaka wa 1992, na Wilson mwaka wa 1995, na kwa kifo chake Simba Wanyika ikafikia tamati. Omar Shabani na John Ngereza nao wameshafariki. Maarifa kuhusu nani alipiga nini sasa yamo katika vichwa vya mashabiki wazee, wale wale ambao mabishano yao huitwa porojo. Kila mmoja wao anapoondoka, huondoka na sehemu ya kumbukumbu ambayo haijaandikwa popote.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mjadala wa mashabiki kuhusu ubora wa bendi baada ya mabadiliko ya wanamuziki ni uhakiki wenye vigezo. Mgawanyiko wa Simba Wanyika umethibitisha kuwa sauti peke yake haitoshi kuwa bendi, kwani mtindo uliweza kuhama na wapigaji wa ala. Uhai wa Simba Wanyika baada ya hapo, pamoja na ule wa Sikinde baada ya mwaka wa 1985, umethibitisha kuwa hakuna mwanamuziki mmoja au watatu wanaoweza kuubeba uhai wote wa bendi wakaondoka nao. Ubora umo katika kusubiriana kwa sehemu mbalimbali, na uhusiano huo ukivunjika, kinachozaliwa ni kitu kingine kinachostahili kusikilizwa kwa masharti yake chenyewe.

Tukirejelea methali iliyofungua mjadala huu, yafaa kuuliza ni ngoma ipi haswa isiyodumu. Bendi ya mwaka wa 1977 haikudumu. Lakini mwendo wake ulitoka na Omar Shabani ukaingia katika Sina Makosa, sauti zake zikaendelea kusikika hadi Pepea, na jina lake likagawanywa kama urithi. Ngoma ilipasuka, naam. Mvumo wake ungali masikioni, na wanaobishana kuhusu ulikotoka ndio wanaouweka hai.